Kuongoza ununuzi na mikataba katika taasisi ya serikali: mwongozo kamili wa kazi

Anayekabidhiwa kitengo cha ununuzi hukuta meza imejaa zabuni zilizo katikati ya safari: moja inasubiri kufunguliwa, nyingine iko kwenye tathmini, ya tatu mzabuni aliyeshindwa ameshaandika malalamiko. Ni rahisi kuishi hapo katikati mwaka mzima na kudhani ndiyo kazi yenyewe. Lakini fedha za umma huvuja zaidi kwenye ncha mbili: kabla ya tangazo, idara inapoandika mahitaji mabovu, na baada ya saini, mkataba unapofungiwa kabatini na kusahaulika. Mwongozo huu umetoa nafasi kubwa kwa ncha hizo.

Viwango vya ukomo, siku za chini za tangazo na mamlaka za kuidhinisha hutofautiana nchi na nchi, ingawa sheria nyingi zinafanana kwa kuwa zimechota kwenye sheria ya kielelezo ya UNCITRAL (tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara ya kimataifa), ile ya 1994 au toleo lake la 2011. Soma sheria yako na kanuni zake kwanza, kisha bandika ukutani jedwali la ukurasa mmoja: ununuzi wa kiasi gani, njia ipi, nani anaidhinisha. Namba zilizomo humu ni za kuonyesha jinsi hesabu zinavyokwenda.

1. Anza na malipo, si na daftari la zabuni

Wiki ya kwanza, omba idara ya fedha orodha ya malipo yote ya miezi 24 iliyopita. Daftari la zabuni huonyesha kilichopita mlangoni. Orodha ya malipo huonyesha na kilichopita dirishani. Taka tarehe, jina la aliyelipwa, kiasi, kifungu cha bajeti, idara iliyoomba, namba ya hati ya ununuzi na namba ya mkataba.

Kabla ya kujumlisha chochote, safisha majina. Kampuni ileile huonekana kama tatu kwa sababu kila karani aliliandika jina lake kivyake. Namba ya mlipakodi ndiyo itakayoziunganisha. Baada ya hapo tafuta mambo manne:

- Malipo yasiyo na namba ya mkataba wala hati ya ununuzi.
- Malipo yanayoendelea kwa mkataba ulioisha muda.
- Malipo madogo madogo yanayokaa chini kidogo ya kiwango cha ukomo. Kama ushindani wa wazi unaanzia milioni 10, na idara moja imelipa muuzaji mmoja milioni 9.6, 9.8 na 9.4 ndani ya wiki mbili, huo ni ununuzi mmoja uliokatwakatwa.
- Wazabuni 20 wanaochukua fedha nyingi kuliko wengine. Hao ndio watakaokula muda wako.

Kisha pangilia ununuzi wote kwa makundi, kwa kuuliza maswali mawili tu: kitu hiki kina uzito gani kwetu, na sokoni kinapatikana kwa shida au kwa wingi? Ndiyo mgawanyo ambao mshauri wa biashara Peter Kraljic aliutoa mwaka 1983, na bado unafanya kazi. Karatasi na wino vinahitaji utaratibu mwepesi usiopoteza muda wa mtu. Mfumo wa kompyuta unaoendesha huduma kuu ya taasisi, wenye mtoa huduma mmoja tu anayeuelewa, unahitaji jicho lako mwenyewe. Vitengo vingi hufanya kinyume: kamati hukesha na zabuni ya samani huku leseni za programu zikijirudia kila mwaka bila mtu kuuliza bei.

Sambamba na hilo, jenga rejista ya mikataba. Kila mkataba uwe na thamani, tarehe ya kuanza na kuisha, tarehe ya mwisho ya kutoa notisi, dhamana zilizopo na tarehe zake za kuisha, jina la msimamizi, na mahali ilipo nakala iliyosainiwa. Mkataba ambao nakala yake iliyosainiwa haionekani ni dharura ya wiki hiyohiyo, maana siku ya mgogoro utakuwa unabishana kwa kumbukumbu.

2. Tenganisha mikono

Anayeomba, anayetathmini, anayepokea na anayelipa wasiwe mtu mmoja. Katika taasisi ndogo yenye maafisa ununuzi wawili au watatu hilo ni gumu. Basi angalau shikilia hili: aliyeandika mahitaji asiongoze tathmini, na aliyekubali bidhaa asiwe yuleyule aliyejadiliana na muuzaji. Mwombe mkaguzi wa ndani aangalie kwa sampuli pale ambapo watu hawatoshi.

Fomu ya kutangaza mgongano wa maslahi isainiwe kwa kila zabuni, baada ya majina ya wazabuni kujulikana. Fomu ya mara moja kwa mwaka haina meno, kwa sababu mwezi Januari hakuna ajuaye kwamba shemeji yake ataomba zabuni mwezi Septemba.

Shinikizo litakuja. Mara chache huja kama amri. Huja kama simu ya kuuliza "lile jambo limefikia wapi" au ombi la kuwaongezea watu fulani muda. Jibu ni maandishi. Andika barua fupi kwa afisa masuuli (mtendaji mkuu anayewajibika kwa fedha za taasisi): umepokea maelekezo haya, kanuni inasema hivi, njia halali ya kufikia lengo hilo ni hii. Mara nyingi maelekezo huyeyuka yanapohitaji saini. Lakini usiishie kusema haiwezekani. Mkuu wa kitengo anayejulikana kwa "haiwezekani" peke yake huanza kuzungukwa, na anayezungukwa hapati tena habari mapema.

3. Mpango wa mwaka: hesabu kurudi nyuma

Mpango wa ununuzi usiwe orodha ya matakwa iliyokusanywa kutoka idara tumizi, yaani zile zitakazotumia kinachonunuliwa. Kila mstari uhesabiwe kuanzia siku huduma inapohitajika, kurudi nyuma. Tuseme huduma ya ulinzi inatakiwa ianze tarehe 1 Julai:

- Mtoa huduma kujiandaa: siku 30
- Majadiliano, uhakiki wa kisheria na saini: siku 14
- Muda wa kusubiri malalamiko: siku 10
- Idhini ya tuzo: siku 10
- Tathmini: siku 21
- Tangazo: siku 30
- Hati ya zabuni na idhini yake: siku 21
- Kuandika mahitaji: siku 30

Jumla ni siku 166, maana yake idara inayohusika ianze kuandika mahitaji katikati ya Januari. Ikileta ombi Aprili, umeshachelewa, na hapo ndipo "dharura" huzaliwa. Dharura ya kweli ni mafuriko, moto au mlipuko wa ugonjwa. Mkataba unaoisha tarehe iliyojulikana miaka mitatu iliyopita haumo. Tenganisha aina hizo mbili kwenye taarifa zako, na uonyeshe kila robo mwaka ni idara ipi inayoleta za aina ya pili.

Vitu vinavyonunuliwa mara kwa mara vikusanye. Badala ya kuitisha nukuu za bei za vipuri vya magari mara 40 kwa mwaka, ingia mkataba wa bei zilizokubaliwa na wauzaji kadhaa, kisha agiza kadiri unavyohitaji. Ila andika mapema jinsi kila agizo litakavyogawiwa kati yao. Usipoandika, maagizo yote yatakwenda kwa anayepokea simu haraka.

4. Mahitaji: hapa ndipo zabuni hushinda au kufa

Chukua jenereta. Idara imeandika mstari mmoja: "Jenereta ya kVA 100, yenye ubora." Mstari huo una mashimo kadhaa.

La kwanza ni aina ya uwezo, ambao hupimwa kwa kVA. Jenereta ina uwezo wa kufanya kazi mfululizo kwa mzigo unaopandashuka, na uwezo wa akiba kwa saa chache umeme unapokatika. Mashine ileile huweza kuuzwa kama kVA 100 kwa kazi ya mfululizo au kVA 110 kwa akiba. Usiposema unataka ipi, mzabuni mmoja atapanga bei ya mashine kubwa, mwingine ya ndogo, na wote watakuwa wametimiza masharti. Wa bei ndogo atashinda, na mashine yake itazimika siku pampu na viyoyozi vitakapowaka pamoja, kwani mota huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake zinapoanza kuzunguka.

La pili ni mahali. Joto kali na mwinuko mkubwa kutoka usawa wa bahari hupunguza nguvu ya injini. Taja joto la juu la eneo na mwinuko wake, na udai uwezo uthibitishwe kwa hali hiyo.

La tatu ni vinavyoambatana nayo. Nani anajenga jukwaa la zege? Nyaya ni mita ngapi? Swichi ya kubadilishia umeme imo? Tangi la mafuta linatosha saa ngapi? Mafunzo ya fundi, vipuri vya huduma za mwanzo, jaribio la mzigo kamili kabla ya kupokea? Kila kisichoandikwa kitarudi kama nyongeza ya bei baada ya saini, wakati hakuna tena ushindani.

La nne ni gharama ya maisha yote. Jenereta moja inakunywa lita 17 kwa saa, nyingine lita 19 kwa mzigo uleule. Kwa saa 1,500 kwa mwaka, tofauti ni lita 3,000. Kwa miaka 10 ni lita 30,000. Zidisha kwa bei ya mafuta, kisha tazama tena ile "bei ndogo". Ukitaka hesabu hii itumike kwenye tathmini, iandike kwenye hati ya zabuni pamoja na saa, miaka na bei ya mafuta utakayotumia. Kuiingiza baadaye ni kosa.

Kosa la upande wa pili ni kunakili kipeperushi cha muuzaji. Ukiona "uzito kilo 1,387" au "upana milimita 1,012", ujue mahitaji yameandikwa na mtu wa mauzo. Rudisha. Uliza kazi ya kipimo hicho. Kama kina kazi (mlango ni mwembamba, sakafu haibebi uzito), andika kikomo na sababu. Kama hakina, futa.

Kwa huduma, eleza matokeo na kiwango, halafu jinsi ya kukipima. "Usafi wa hali ya juu" haupimiki. "Vyoo vikaguliwe kila baada ya saa 2 kati ya saa 1 asubuhi na saa 11 jioni, karatasi ya ukaguzi isainiwe mlangoni, sabuni na maji visikosekane" unapimika na mtu yeyote anayepita.

Ongea na soko kabla ya kutangaza, ila kwa uwazi: toa mwaliko kwa wote, uliza maswali yaleyale, andika kumbukumbu, na taarifa yoyote uliyompa mmoja wape wengine. Woga wa kuongea na wauzaji umeleta zabuni nyingi zisizojibiwa na mtu. Uliza hasa: muda tuliopanga unawezekana? Sharti lipi linapandisha bei bila faida? Ukubwa huu wa mkataba unawafungia nje wadogo?

Mwisho wa hatua hii, andaa makisio yenu huru ya gharama na uyafunge. Yajenge kwa njia mbili angalau: bei ya mkataba uliopita iliyorekebishwa kwa mfumuko wa bei, na mchanganuo wa gharama kuanzia chini. Kwa ulinzi, kwa mfano: idadi ya walinzi kwa zamu, mishahara halali, michango ya kisheria, sare, usimamizi, faida. Mzabuni akija na bei iliyo chini ya jumla ya mishahara halali pekee, tayari unajua nani atakayemlipa mlinzi pungufu.

5. Vigezo na uzito wake

Vigezo vya lazima viwe vichache, na kila kimoja kiwe cha namna ambayo kukikosa kweli kunamfanya mzabuni asifae. Hati zenye vigezo vya lazima 35 huengua watu kwa muhuri uliokosekana ukurasa wa 12, kisha anabaki mmoja wa bei kubwa. Mtaji na mauzo ya mwaka pia huwekwa juu kupita kiasi: agizo la Umoja wa Ulaya la 2014 limeyawekea mauzo ya mwaka kikomo cha kawaida cha mara mbili ya thamani ya mkataba, na ni kipimo kizuri kuanzia hata mahali ambapo hakilazimishi.

Uzito wa ubora na bei usichaguliwe kwa mazoea. Jaribu hesabu kabla ya kutangaza. Tuseme wazabuni watatu: A ana alama 82 za ubora na bei milioni 480; B ana 74 na milioni 400; C ana 91 na milioni 610. Alama ya bei hupatikana kwa kugawa bei ndogo kuliko zote kwa bei ya mzabuni, mara 100: A anapata 83.3, B 100, C 65.6.

Ubora ukiwa 70 na bei 30: A anapata 82.4, B 81.8, C 83.4. Anashinda C.

Ubora ukiwa 60 na bei 40: A anapata 82.5, B 84.4, C 80.8. Anashinda B.

Wazabuni walewale, bei zilezile. Swali la kumuuliza mkuu wa idara tumizi siku hiyo, na si baadaye: uko tayari kulipa milioni 210 zaidi kwa alama 17 za ubora? Akisema ndiyo kwa sababu ni mashine za hospitali, weka 70. Akisita, umepata jibu. Kinachokatazwa ni kuchezea uzito bei zikishafunguliwa.

6. Tangazo, ufunguzi, tathmini

Eneo hili lina kanuni nyingi kuliko yote na maafisa wengi wanalijua, kwa hiyo tutaligusa pale linapovunjika.

Majibu ya maswali ya wazabuni yapelekwe kwa wote, bila kumtaja aliyeuliza. Swali likibadilisha mahitaji, sogeza tarehe ya mwisho. Siku ya ufunguzi, soma bei na uwepo wa dhamana, usijadili ubora wa chochote.

Kamati ya watu 3 hadi 5 inatosha. Kila mjumbe atoe alama peke yake kwanza, akiandika sababu na ukurasa wa zabuni alikoiona. Kisha wakae pamoja. Mjumbe mmoja akitoa 9 na mwingine 4 kwa kitu kilekile, msitafute wastani wa 6.5, mmoja wao hajasoma ukurasa fulani. Andikeni alama iliyokubaliwa na kwa nini imebadilika. Malalamiko mengi hushinda kwa sababu faili lina namba bila maneno.

Makosa ya hesabu nayo huiaibisha serikali nzima. Mwaka 2012 Uingereza ililazimika kufuta zabuni ya kuendesha treni za njia ya pwani ya magharibi, baada ya kubainika kasoro katika jinsi hatari za washiriki zilivyokokotolewa. Jedwali la tathmini likaguliwe na mtu ambaye hakulitengeneza, likiwa na namba za kubuni, kabla ya zabuni kufunguliwa.

Dalili za wazabuni kupanga njama ni hizi: makosa yaleyale ya tahajia katika zabuni tofauti, taarifa za ndani za faili kuonyesha mwandishi mmoja, bei zinazopishana kwa asilimia ileile katika kila kipengele, washindi wanaopokezana kila mwaka, aliyeshindwa kuonekana kama mkandarasi mdogo wa mshindi. Dalili moja si ushahidi. Ukiziona mbili au tatu, usiwahoji wazabuni, maana watasafisha nyaraka. Peleka kwa mamlaka husika kimya kimya.

Bei ya chini isiyo ya kawaida isikataliwe papo hapo. Omba maelezo kwa maandishi. Na kwenye ujenzi, tazama bei za kipengele kimoja kimoja. Mzabuni mjanja hupandisha bei za kazi za mwanzo kama kusafisha eneo na kuchimba msingi, akashusha za mwisho kama rangi na milango. Jumla inaonekana nzuri, ila ifikapo nusu ya kazi ameshalipwa zaidi ya alichojenga, na akiondoka hapo hana cha kupoteza. Ukimpa tuzo, basi pandisha dhamana ya utekelezaji (ahadi ya benki kukulipa akishindwa kazi) pale kanuni zinaporuhusu.

Baada ya uamuzi, toa barua ya kusudio la kutoa tuzo na usubiri. Kwenye miradi ya Benki ya Dunia muda huo ni siku 10 za kazi. Waliopoteza wape sababu za kweli. Barua ya "hukukidhi vigezo" huzaa rufaa.

7. Masharti ya kibiashara

Vifungu vinne vinastahili kusomwa na wewe mwenyewe, si mwanasheria peke yake.

Mabadiliko ya bei. Kwa mkataba wa zaidi ya mwaka mmoja, weka fomula. Mfano wa huduma ya usafirishaji: asilimia 15 ya bei haibadiliki, 55 inafuata faharisi ya mishahara (takwimu inayoonyesha mishahara imepanda au kushuka kiasi gani), 30 inafuata bei ya mafuta. Mishahara ikipanda 8% na mafuta 20%, hesabu ni 0.15 + 0.55 × 1.08 + 0.30 × 1.20 = 1.104. Bei inapanda 10.4%. Bila fomula, mtoa huduma atakuja na gazeti linalosema mafuta yamepanda 20% na kudai 20%, wakati mchango halisi wa mafuta hapo ni 6% tu. Fomula ifanye kazi na bei zikishuka.

Fidia ya kuchelewa. Kwa mkataba wa milioni 200, fidia ya 0.1% kwa siku ni 200,000, na kikomo cha 10% ni milioni 20. Kikomo hicho kinafikiwa siku ya 100. Siku ya 101 fidia haimuumi tena, kwa hiyo uwezo wa kuvunja mkataba lazima uanze hapo au kabla.

Dhamana. Ya utekelezaji kwa kawaida huwa 5% hadi 10%, na iwe ya kulipwa mara inapodaiwa, bila masharti. Thibitisha kwa benki iliyoitoa kupitia mawasiliano uliyoyatafuta mwenyewe, kamwe si namba iliyoandikwa kwenye barua ya dhamana. Dhamana za kughushi huja na namba ya simu inayopokelewa vizuri sana.

Malipo. Yafuate vitu vilivyokamilika, si tarehe za kalenda. Malipo ya awali yasitoke bila dhamana ya kiasi hichohicho. Na eleza siku 30 za kulipa zinaanza kuhesabiwa lini: siku ankara sahihi ilipopokelewa. Ankara yenye kasoro irudishwe ndani ya siku 5, vinginevyo ihesabiwe imekubaliwa. Taasisi inayochelewa kulipa hulipa mara mbili, kwani wazabuni huongeza gharama ya kusubiri ndani ya bei inayofuata.

8. Baada ya saini

Msimamizi wa mkataba atajwe kwa barua kabla ya saini, awe mtu wa idara tumizi mwenye muda, na apewe muhtasari wa kurasa mbili: tunapata nini, lini, kwa kipimo gani, tunalipa vipi, nani anaruhusiwa kubadilisha nini, tarehe zipi zisipite. Mkataba wa kurasa 140 hakuna atakayeusoma akiwa amesimama stoo na lori linasubiri kushusha.

Kikao cha kwanza kifanyike ndani ya siku 10. Kubalianeni nani anapokea barua, na kwamba maelekezo ya mdomo hayana malipo. Sentensi hii ya mwisho huokoa fedha kuliko nyingine yoyote. Mabadiliko mengi huanza kwa mkubwa kupita kwenye eneo la kazi na kusema "hapa mngeweka na dirisha".

Tunza rejista ya mabadiliko yenye jumla inayokua. Mkataba ni milioni 200. Badiliko la kwanza ni 4%, la pili 5%, la tatu 3%, la nne 6%. Kila moja lilipitishwa kama jambo dogo, na sasa mnadaiwa milioni 36 ambazo hakuna kikao kilichowahi kuziidhinisha kwa pamoja. Weka kengele kwenye jumla: ikifika 10%, faili lirudi kwako, ikikaribia kikomo cha kanuni zenu, lirudi kwenye bodi ya zabuni.

Kamati ya mapokezi ihesabu, ipime, ifungue maboksi. Kusaini hati ya mapokezi kwa kutazama katoni ndivyo kompyuta 50 zinavyogeuka kuwa 50 zenye kumbukumbu nusu ya iliyotajwa. Idara ya fedha ilipe tu pale hati ya ununuzi, hati ya mapokezi na ankara vinapokubaliana kwa kiasi, bei na jina.

Mtoa huduma akilegea, andika mapema. Barua ya kwanza itaje kifungu, tarehe, kilichotokea na siku za kurekebisha. Wasimamizi wengi huvumilia miezi sita kwa ubinadamu, kisha wanataka kuvunja mkataba kwa hasira bila barua hata moja kwenye faili. Wakili wa upande wa pili ataonyesha ankara sita mlizolipa bila neno.

Kwa watoa huduma wale wachache ambao taasisi ingesimama bila wao, tazama hesabu zao za fedha kila mwaka. Kampuni ya Carillion ilipoanguka Januari 2018 huko Uingereza ilikuwa na mamia ya mikataba ya umma, ya usafi wa hospitali, chakula cha shule na ujenzi, na kazi hizo zilihitaji mtu wa kuzibeba kesho yake asubuhi. Dalili za kawaida ni kuomba malipo ya mapema, wakandarasi wadogo kulalamika hawajalipwa, na mameneja kubadilika kila mara. Uwe na jina la atakayeshika kazi wiki ya kwanza.

9. Namba za kupeleka kwa uongozi

Usijivunie "akiba dhidi ya makisio": makisio yakijazwa hewa, akiba inakua. Peleka hizi: wastani wa siku kutoka ombi hadi saini, wastani wa wazabuni kwa zabuni, sehemu ya fedha iliyopita kwa chanzo kimoja bila ushindani, jumla ya mabadiliko kama asilimia ya mikataba, ankara zilizolipwa kwa wakati. Wazabuni wakishuka kutoka watano hadi wawili ndani ya mwaka, kuna kitu kimewakimbiza, na mara nyingi ni malipo yenu au vigezo vyenu.

10. Kufunga mkataba

Miezi 9 kabla ya mwisho kwa huduma kubwa, amua: kurudia ushindani, kuongeza muda kama mkataba unaruhusu, au kuacha. Orodhesha unachopaswa kupokea, na kwa maandishi umtake mtoa huduma akirudishe: funguo, beji, michoro ya mwisho, nywila za kiwango cha juu, takwimu zote katika muundo unaosomeka na mfumo mwingine, rekodi za matengenezo. Kwa mifumo ya kompyuta fanya jaribio la kuhamisha data angali mtoa huduma yupo na malipo yake ya mwisho hayajatoka.

Dhamana ya utekelezaji isirudishwe hadi kipindi cha matazamio ya kasoro (muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro) kiishe na msimamizi asaini ukaguzi wa mwisho. Kisha msimamizi aandike ukurasa mmoja: vipimo gani havikupimika, nyongeza zipi zilitokana na mahitaji yaliyokosewa, bei ipi ilikuwa juu. Nakala moja ikae kwenye faili, na nyingine akabidhiwe anayeandika mahitaji ya zabuni inayofuata, kabla hajaandika mstari wa kwanza.